Alilala kazini, mimi nikamsemea kwa bosi

Admin, naomba ufiche jina langu, huku wengi wananijua. Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Kikuyu, Dodoma. Kwa miaka mingi nimebeba jambo moja.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Karani wetu wa masjala aliitwa Yona (si jina lake halisi), mnene sana, shingo na mabega havikutengana. Tulimwita Lumbesa, kama gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Alisinzia mpaka kalamu inamdondoka. Akikoroma tunaigiza, tunacheka mpaka machozi.

Ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Kila mtu alikuwa na hofu, mimi zaidi, maana nilikuwa mgeni kazini. Bosi akaniuliza nani pale hana faida. Nikamjibu, "Nenda masjala saa nane mchana, utajionea." Akaenda, nasi tukamfuata kuchungulia. Yona alikuwa amelalia mafaili, mdomo wazi. Akazinduka, akainuka haraka.

"Samahani mkubwa. Sijui nina nini. Usiku nalala, lakini naamka nimechoka."

Nikadakia mlangoni, "Una tumbo, Yona!" Wote wakacheka, hata bosi. Orodha ilipotoka niliichapa mwenyewe. Jina lake lilikuwamo, langu halikuwamo. Mkewe hakumaliza mwaka, akarudi kwao Haneti.

Mwaka jana mume wangu, aliyenenepa sana tangu astaafu, alianza kusinzia hata tonge likiwa mkononi. Daktari akanieleza, "Mama, mafuta ya shingoni yanabana njia ya hewa akilala. Pumzi inakata, mwili unamshtua, anavuta tena, hivyo hivyo hadi asubuhi. Mchana atakosaje kusinzia? Huu si uvivu, ni ugonjwa, na una tiba." Nikalia pale pale. Mume wangu akadhani namlilia yeye.

Yona yuko Hombolo, analima zabibu. Bado ni mnene. Mpaka leo hajui ni nani alimwelekeza bosi. Mwezi uliopita alikuja mjini na binti yake, akapita kunisalimia. Akaniambia, "Dada, nisamehe, niliwaaibisha pale ofisini. Hawa wanangu nawaambia kila siku, msiwe wavivu kama baba yenu." Binti akaninong'oneza jikoni, "Shangazi, baba akilala anakata pumzi, tunaogopa."

Nilijua kila kitu, ndugu zangu. Nikamwambia binti, "Ni uzee tu." Nikarudi sebuleni nikamwambia Yona, "Nimeshakusamehe." Akanishika mikono yote miwili akanishukuru.

Nikimpeleka hospitali, daktari atamwambia yale aliyoniambia mimi. Atajua hakuwa mvivu, ataanza kuuliza ilikuwaje, na pale ofisini tuliobaki hai tunajuana. Nikinyamaza, siku moja pumzi haitarudi.

Nishaurini jamani, nifanyeje? Tukaneni mnavyotaka, ila semeni. Maana peke yangu, kila nikiamka, najikuta nimeshachagua kunyamaza.