Vichuguu vya Mpui

Ruzuku ya mbolea ilipofutwa, alikuja kijijini kwetu Mpui mtaalamu wa mradi wa kuinua uchumi wa vijijini. Sidhani kama aliwahi kushika jembe, ingawa hilo sikumuuliza. Sisi Wafipa hulima matuta ya mviringo na kufukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea.

"Mama, hivi vichuguu ni vya kizamani," alimwambia mama yangu. "Sawazisha, choma nyasi, panda kwa mstari, tia mbolea ya dukani."

"Dukani kwa nani, baba? Kwa mkweo?"

Watu wakacheka. Lakini mimi, msomi wa darasa la saba, nilimbembeleza mama mpaka akakubali, na nyasi nikazichoma mwenyewe. Mbolea hatukuimudu. Mahindi yakawa ya njano, yakaishia magotini, na mwaka ule tuliomba chakula kwa shangazi kule Kasense.

Nisimwonee: mbegu zake za maharage zilikuwa nzuri, na labda mimi sikumwelewa vizuri. Ila alirudi na kamera kutafuta mafanikio ya mradi, akalipita shamba letu bila kuligeukia, akapiga picha mahindi ya jirani yetu aliyemkatalia akabaki na matuta yake.

"Piga, baba, piga," mama akamwambia. "Hivyo ndivyo vichuguu vyenyewe."

Akapiga hivyo hivyo.