Morisi ya Tluway, Jumapili Saa Tisa

"Baba Qamara, si ungoje tu petroli irudi?"

Aliyeuliza ni mtoto wa jirani, ndiye anayeandika haya, wakati huo darasa la tatu. Tluway, ndiye Baba Qamara, alikuwa anaing'oa injini ya gari lake mwenyewe, nzima nzima, kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti. Alikuwa amebana spana kwa meno.

Ilikuwa mwaka 1980. Vita ya Uganda ilikuwa imekwisha, lakini petroli Karatu ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Tluway, Mwiraqw wa Mbulu aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, alikuwa fundi betri. Watu walimletea betri za redio na za matrekta, naye alizichaji kwa dinamo ndogo iliyozungushwa na maji ya mfereji nyuma ya nyumba. Gari lake lilikuwa Morisi ya kijani. Alilinunua mkweche, akalifufua kwa miaka miwili, bati kwa bati.

Sasa mwenyekiti wa kijiji, Wilibrodi, alikuwa ametangaza kwamba gari lolote lisilotembea litang'olewa vipuri kwa ajili ya pikapu ya kijiji. Magari ya namna hiyo yalikuwa matatu: la Tluway, la mwalimu Damiano na la Simoni mwenye duka. Ukaguzi ungefanyika Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, mbele ya ofisi. Na kila mtu alijua kuwa Jumapili, kuanzia saa nane, magari ya watu binafsi yamepigwa marufuku barabarani ili kubana mafuta. Yaani hata anayepata petroli ya magendo angefika pale na kukamatwa. Damiano na Simoni walisema watangoja, huenda mwenyekiti atalegea. Tluway alisema yeye hana muda wa kumngoja Wilibrodi alegee.

Kwenye chuma chakavu cha shamba la kahawa aliokota dinamo kubwa, ya ukubwa wa mtungi wa pombe. Dinamo ya aina ile ukiizungusha inatoa umeme; ukiipa umeme, inazunguka yenyewe. Aliifunga kwenye giaboksi kwa bamba alilolikata kutoka sahani ya haro, jembe la trekta la kuvunja madongoa, akapanga betri nane za matrekta, nne mbele na nne kwenye kiti cha nyuma. Majirani wakaja kuangalia na kucheka. Mmoja alimuuliza kama litashika na taarifa ya habari ya saa mbili.

Kilichobaki kilikuwa maji. Betri haitaki maji ya kisima cha kwetu yenye madini, yaleyale yanayotupaka meno rangi ya chai. Inataka ya mvua, na Karatu ilikuwa kavu. Tluway akatuma salamu Ngorongoro kwa rafiki yake Moloimet, anayekaa juu kwenye ukungu ambako hakukosi manyunyu, amkingie maji safi kabisa.

Moloimet alimwambia mkewe Nareyu, na Nareyu akafanya kama anavyofanya mama yeyote wa Kimasai anayeambiwa usafi. Alichukua kibuyu chake kizuri kuliko vyote, akakisugua ndani kwa kijinga cha oloirien, mti wa kunukiza vibuyu vya maziwa, mpaka kikanukia, ndipo akatia maji. Tluway alipofungua kizibo alisikia harufu ya maziwa ya wageni. Akaguswa. Fundi mzima, akasahau kuchuja, akamimina kwenye betri nne za kwanza.

Asubuhi betri hizo nne zilikuwa zimekufa, chembe za mkaa zikielea juu ya tindikali. Zilikuwa zimebaki siku tano ukaguzi ufike. Mkewe, Petronila, alimwambia apeleke lawama Ngorongoro. Alikataa. Alipeleka chupa sita za vioo na ujumbe kwamba kibuyu kile ni cha heshima mno, kikae na maziwa. Kisha akamwaga tindikali yote, akaosha bamba moja moja kwa mikono iliyobabuka. Chupa ziliporudi zimejaa maji ya mvua, akatia tindikali mpya na kuzichaji betri kwa dinamo ya mfereji.

Jumapili saa tisa watu walijaa mbele ya ofisi. Hawakusikia gari likija. Waliona tu kuku wakitawanyika, halafu Morisi ikatokea kwenye kona ikiunguruma kidogo tu, kama nyuki waliofungiwa mzingani.

Wilibrodi alitazama saa yake. "Fundi, umejileta mwenyewe. Jumapili hii, saa tisa hii. Sheria unaijua."

"Inabana nini sheria hiyo, Ndugu Mwenyekiti?"

"Mafuta. Usijifanye mtoto."

Tluway akashuka, akafungua boneti. "Nusa."

Mwenyekiti aliinama, na kweli alinusa, pua yake ikazunguka kila pembe, mpaka bibi mmoja akacheka na uwanja mzima ukafuata. Akainuka amekasirika. Akasema gari linalotembea ni linaloizunguka ofisi mara tatu, si linaloteremka mlima. Tluway akazunguka. Mara ya pili lilianza kuchoka. Mara ya tatu lilikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, na Tluway ameinamia usukani kana kwamba analisukuma kwa kifua. Likamaliza. Karani wa kijiji aliandika "linatembea" kabla mwenyekiti hajafungua mdomo tena.

Njiani kurudi lilizimika kwenye mwinuko wa kwanza, na waliolisukuma hadi nyumbani ni walewale waliokuja kucheka. Jumatatu, magari ya Damiano na Simoni yalivutwa na trekta kwenda kung'olewa vipuri.

Mtoto yule sasa yuko kidato cha pili. Likizo hii alimkuta Tluway akipakia betri za watu kwenye Morisi, lori la mafuta likipita barabarani, akamkumbusha swali lake.

"Petroli si hiyo imerudi," Tluway alisema, bila kuliangalia lori. "Haya, nenda kawaulize waliongoja: magari yao yako wapi?"