Jiwe Lenye Mstari Mweupe

Juzi Mchikichini nilikuwa na mwanangu sokoni, nachagua viatu vya mtumba, nikakuta buti la kupandia mlima lina kijiwe kimenasa kwenye soli. Muuzaji akataka kuking'oa. "Kiache tu, kaka," nikamwambia, akanishangaa.

Kilinirudisha Uluguru, alasiri ile bibi mzaa baba aliponipitisha njia ya zamani ya wapagazi. Mimi mtoto wa Kariakoo, milima nilikuwa naiona kwenye kalenda. Njia ilinukia mdalasini na udongo uliolowa. Bondeni bibi alinipa jiwe, kubwa kama yai, lenye mstari mweupe.

"Utaliweka kule juu, kwenye rundo. Kila mpita njia huacha lake, mlima umjue."

Nikaamini nisipolifikisha, mlima hautanirudisha kwa mama. Lakini mkono ulichoka, na kwenye kona moja nikaliachia kimyakimya. Nilisonga mbele nikisikia ndala za bibi zikipiga nyuma yangu, pa, pa, nikamwonea huruma kwa uzee uliomfanya abaki nyuma.

Tulipofika kwenye rundo nikaangua kilio. "Bibi, langu nimelitupa!"

Hakunigombeza. Alifungua pindo la kanga, akatoa mawe mawili. Moja lilikuwa na mstari mweupe.

Viatu nilivinunua. Tulipokuwa tunarudi, tukikatiza Kariakoo kwenye msongamano, mwanangu aligeuka akaniuliza, "Mama, mbona uko nyuma kila siku? Umezeeka?"

Nikamshukuru bibi kimoyomoyo.

"Nimezeeka, mwanangu. Tangulia tu."