Ganda la Kumi na Nne

Marlys Tvedt, mpishi wa shule ya msingi, alipiga kelele jikoni kwake asubuhi moja ya Juni hadi mumewe, Duane, akadhani ameungua mafuta. Hakuungua. Kibali kimetoka. Miaka kumi na moja mfululizo alikuwa akiingiza jina lake kwenye bahati nasibu ya kuwinda elki dume, yule kulungu mkubwa wa Amerika, katika milima ya Snowy, na miaka yote hiyo hakupata kitu. Safari hii jina lake limetoka.

"Dume, Duane! Dume!"

"Nimesikia. Majirani pia wamesikia. Na huyo elki nadhani kasikia, saa hizi yuko njiani kuhama."

Elki mmoja ni nyama ya kushindia majira yote ya baridi, lakini si nyama iliyomrusha Marlys kitini. Kule kabatini kulikuwa na bunduki ya marehemu baba yake, Orville, ile ya wenzo, yaani mkono wa chuma unaovutwa kutoa ganda, kitako chake kimeng'aa kwa jasho la mashavu ya mzee. Marlys alikuwa ameapa kwamba siku akipata kibali ataingia mlimani na bunduki hiyo, hiyo hiyo, wala si ya kuazima.

Sasa balaa ni moja. Bunduki ile inakula risasi za saizi ya kale ambazo maduka ya Montana yameshazisahau. Alizunguka Lewistown, akapiga simu Billings. Boksi moja la risasi ishirini lilipatikana, na bei yake ilikuwa ya kumfanya mpishi wa shule, ambaye wakati wa likizo halipwi, akae chini kwanza.

"Shindilia mwenyewe," alisema mzee Verlin Haugen, jirani yao na mweka funguo wa uwanja wa shabaha. "Baba yako alikuwa anashindilia. Ganda tupu unalo, tia fataki mpya ya kuwashia, tia baruti, tia kichwa, basi. Binti wa Orville ananunua risasi dukani? Aibu hata kuisikia."

"Mashine nitatoa wapi, mzee? Kaka yangu aliuza kila kitu."

"Mashine zipo. Wenye nazo wanakufa kila wiki."

Maneno ya Verlin hayana sukari, lakini ni ya kweli. Jumamosi iliyofuata, mjane mmoja alikuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe uani, na katikati ya sahani na mapazia Marlys akaona mtambo wa chuma wenye mkono mrefu, umeota kutu, umebandikwa karatasi: Mashine ya kukamulia machungwa, dola kumi na mbili. Akajikaza asicheke, akalipa, akaondoka haraka. Alipofika kwenye gari dhamiri ikamrudisha.

"Mama, hii si ya machungwa. Ni ya kushindilia risasi. Ni ya thamani zaidi."

Mjane akaitazama, akamtazama na yeye. "Miaka thelathini nilimwambia aitoe jikoni. Ichukue mwanangu, uende nayo mbali."

Akaipeleka nyumbani, akaisugua kutu kwa mafuta na pamba ya chuma, akaifunga kwa bolti kwenye meza iliyotupwa na shule, yenye pipi za kutafuna za watoto bado zimeganda upande wa chini. Mizani ndogo aliazima kwa Verlin, pamoja na kitabu cha vipimo, na akaonywa kwamba kitabu kinafuatwa neno kwa neno na atakayekipaka mafuta atanyongwa. Akanunua kopo moja la baruti. Moja tu, maana mfuko ndivyo ulivyosema, na maana sheria ya meza ya kushindilia ni hiyo: kopo moja mezani, hakuna la pili, baruti zisije zikachanganywa.

Na maganda? Hapo ndipo boksi la Orville lilipoingia. Pamoja na bunduki, mzee aliacha boksi moja la matundu ishirini. Risasi kumi na nne zilikuwa tayari, zimepangwa kwa safu, na mwishoni maganda sita matupu yaliyosafishwa. Pembeni daftari lake, ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi kubwa: USIPIGE RISASI ALIYOSHINDILIA MWENZIO.

Marlys alianza na yale sita. Jamani, furaha ya mtu mzima akijifunza kitu kipya haina dawa! Alipima baruti kama anayepima hamira, akavuta mkono wa mtambo, akashika mkononi risasi ya kwanza aliyoitengeneza mwenyewe. Akaibusu. Duane alikuwepo na aliona. Uwanjani risasi zote sita zilitoboa karatasi ndani ya upana wa kisahani. Akaokota maganda, akarudi nyumbani, akayashindilia tena, akaenda tena. Wiki nne hivyo hivyo, na matundu kwenye karatasi yakazidi kusogeleana mpaka yakagusana.

"Umeacha kupika," Duane alilalama.

"Kuna mayai."

"Nimekula mayai mpaka nimeanza kutaga."

Septemba, ganda moja kati ya sita likapasuka shingo, jingine likafuata. Yakabaki manne. Marlys akalitazama boksi. Zile kumi na nne ziko pale, tayari, kazi ya mikono ya baba. Akamwambia Verlin kwamba elki wake atampiga kwa risasi ya Orville mwenyewe, na wazo lile lilimpendeza mno.

"Hapana," alisema Verlin.

"Baba alikuwa mshindiliaji bora wilaya nzima! Wewe mwenyewe umesema."

"Nimesema na ninarudia. Lakini risasi ya mwenzio haipigwi, binti. Hata ya marehemu. Baba yako kakuandikia kwa herufi kubwa, unataka afufuke akusomee?"

Marlys alikasirika, akaondoka bila kuaga. Jioni akasoma tena ule ukurasa wa kwanza, akasonya, akaenda kuazima kwa Verlin ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa. Unaiweka risasi ndani, unagonga kwenye gogo, kichwa kinang'oka na baruti inamwagika humo humo. Alianza na ya kwanza kwenye safu. Akaipima baruti: sawasawa na daftari. Ya pili, sawa. Ya tatu mpaka ya tisa, hakuna hata punje iliyozidi. "Unaona!" alimpigia kelele Verlin, ambaye hakuwepo.

Ya kumi ilimwaga kitu kingine. Badala ya vijiti vyeusi vikatoka vijipande bapa, vyepesi. Baruti ya bastola, inayowaka haraka mno. Ingeipasua bunduki vipande vipande, pamoja na uso wa aliyeiegemeza shavuni. Ya kumi na moja, vilevile. Ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. Akagonga ya kumi na nne. Kikaanguka kichwa peke yake. Ndani hamkuwa na kitu.

Akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Kwa kila risasi mzee alikuwa akichora kistari. Vilikuwepo vistari tisa, halafu wino umeburuzwa kuelekea ukingoni.

Marlys alikaa. Akaikumbuka vuli ile ambayo baba alimkabidhi bunduki, akasema goti limemshinda, mlima haupandi tena. Wiki hiyo hiyo Orville alikuwa juu ya paa la zizi akipigilia mabati, na Marlys alijiuliza kidogo kisha akasahau. Ilikuwa miaka miwili kabla mzee hajaanza kumwita kwa jina la shangazi yake. Basi alijua kwamba akili inamtoka. Alijua kabla ya wote, akaficha, na akaiondoa bunduki mikononi mwake mwenyewe. Marlys alilia sana, pale pale kwenye meza ya watoto wa shule.

Asubuhi akaimwaga baruti yote ya mzee kwenye vitunguu vyake iwe mbolea, akarudi mezani. Maganda kumi na manne, mazima, yenye shingo nzuri. Lile la mwisho akalitia alama ya rangi nyekundu ya kucha. Akayashindilia yote, moja moja, kwa kopo moja, na kila moja akachora kistari, akiendeleza pale pale wino ulipoburuzwa.

Siku ya tatu ya msimu, theluji ikiwa imefika magotini, dume lilitoka msituni na kusimama ubavu. Marlys aliweka shavu pale palipong'azwa na shavu la baba. Mlio mmoja. Dume likapiga hatua nne, likalala.

"Limelala! Marlys, limelala!" Duane alikuwa anarukaruka kama mtoto. "Twende! Unafanya nini?"

Marlys alikuwa amevuta wenzo, ganda likaruka, na sasa yuko magotini anafukua theluji kwa mikono mitupu.

"Ganda moja, mke wangu! Elki mzima yuko pale!"

"Nisubiri," alisema, machozi na kicheko vimechanganyika. Akalipata. Lilikuwa bado na moto, na rangi nyekundu ya kucha haijabanduka. Akalitia mfuko wa ndani, akafunga zipu, ndipo akainuka kwenda kumwona elki wake.