Kigae cha Nyuma ya Ghala

Nitawaambia, lakini mkicheka mcheke kwa adabu, maana aibu hii mpaka leo nikiikumbuka kanisani nainamisha kichwa, watu wanadhani naomba.

Watafiti wa mambo ya kale walikuja kwetu karibu na Zombe kuchimba kilimani, wakitafuta mabaki ya watu walioishi hapo kabla yetu, na Jumapili daktari wao akasimama kanisani akasema tukiona kigae au jiwe lililochongwa tusiguse, tumuite, na kwamba anatafuta mwenyeji wa kuwasaidia kazi. Roho yangu ikaruka. (Kuchimba najua, na mdomo ninao.)

Kesho yake nikawa nachimba shimo la mpapai nyuma ya ghala la mama mkwe wangu, jembe likagonga kigae cha chungu, kinene, na shingoni kimechorwa mistari mitatu na nukta. Maandishi ya watu wa kale! Ningemuita daktari peke yake mambo yangeisha kimyakimya, lakini nani angejua ni mimi niliyevumbua? Nikakisugua kwa sabuni mpaka kikang'aa, nikampigia daktari, nikampigia pasta, nikawapigia akina mama wote wa kanisa, na kufika saa nane boma limejaa, mimi ndani ya kitenge cha harusi.

Daktari akakigeuzageuza. "Mama Mutua, haya si maandishi. Ni alama ya mfinyanzi, kila mmoja huwa na yake. Na hii inaweza kuwa ya juzi tu."

"Ya juzi wapi! Wewe pima!"

Akatueleza kwamba maabara hujua watu wa kale walipika nini, maziwa, nyama, hata pombe, kwa sababu udongo hunywa kilichowekwa ndani.

"Hata kikioshwa?" Aliyeuliza ni Mwaitu, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye hata soda ikitoa povu sana huiangalia vibaya.

"Hata kikioshwa, mama."

"Basi kipimeni chote!" nikapiga kelele.

Mwaitu akanivuta kitenge. "Mama Mutua, hebu nyamaza." (Mimi? Ninyamaze?) Nikaendelea kuhubiri habari za wazee wetu mpaka yeye mwenyewe akasimama katikati ya boma, akashika kiuno.

"Hiyo alama ni yangu. Chungu hicho nilikifinyanga mimi, kabla huyu hajaolewa hapa. Nilikuwa napikia pombe ya kaluvu. Siku nilipookoka nilikivunja nikakizika, na sasa huyu amekifufua."

Nilitamani lile shimo la mpapai lingekuwa refu zaidi. Na niliumia, jamani, maana mama huyu alinipokea kama binti yake, nami nimemvua nguo mbele ya pasta. Kisha pasta akakohoa, mabega yakamtetemeka, Mwaitu mwenyewe akaanza kucheka, na boma lote likafuata.

Kazi alipewa Mwaitu. Kila asubuhi anapanda kilimani kuwaonyesha watafiti udongo wa vyungu ulikotoka, nami nabaki nyumbani namwagilia mpapai.

Juzi nikamuuliza kama naweza kupanda mwingine upande wa pili wa ghala.

"Huko, Mama Mutua, hapana."

Sikuuliza kwa nini. Nimeapa, huko jembe langu halitafika.