Nishani ya Jenerali na Majina ya Wapagazi

Mwaka 1996 nilifunga safari kwa sababu ya simu ya binamu yangu Zaituni, aliyekuwa akimuuguza bibi mmoja wa Kijerumani huko Pinetown, nje ya Durban. Bibi huyo alikuwa binti wa jenerali, na katika sanduku la nishani za marehemu baba yake mlikuwa na daftari la Kiswahili la wapagazi. Alitaka asomewe kabla ya kupeleka vyote makumbusho ya kwao. Mama yangu aliposikia akasema, "Nenda, mwanangu. Huenda baba yangu yumo." Babu alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo katika vita vya kwanza vya dunia, mama akiwa bado tumboni. Hakurudi, wala habari zake hazikufika.

Kutoka Newala nilikaa njiani siku saba, nikibadilisha mabasi. Mpakani Beitbridge afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini. "Kusoma daftari," nikamjibu. Akanitazama, akagonga muhuri.

Jioni nilifika kwa Zaituni, mtaa wa Albert Park mjini Durban, ghorofa ya tisa. Mume wa Zaituni, Mkongomani, alinipokea mzigo mlangoni. "Karibu, Mwalimu. Maji ya kuoga iko, chakula iko."

Asubuhi tulipanda taksi kwenda Pinetown. "Kaka, msomee polepole," Zaituni alinionya. "Moyo wake mbovu."

Bibi alikuwa amezipanga nishani juu ya kitambaa cheupe. Tukaongea Kiingereza. Baba yake alikuja Afrika Mashariki akiwa luteni. Vita vya pili vilimkuta kanali, vikamwacha jenerali na mateka. Akagusa Msalaba wa Chuma uliochakaa. "Huu ndio wa kwanza. Alivusha kikosi mto Ruvuma bila kupoteza askari hata mmoja. Hati yake hii hapa."

Daftari lilikuwa la mnyapara wa wapagazi, mwandiko wa shule ya misheni. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mizigo tu. Kisha nikakuta: "Leo tumevuka Ruvuma. Waliochukuliwa na maji ni hawa." Majina kumi na saba. Niliyapitia mara mbili. Babu hakuwamo.

"Imeandikwa nini?" Bibi aliuliza. Zaituni alinitikisia kichwa. Ningeweza kusema ni mizigo tu. Nikamwambia ukweli.

"Lakini hati inasema..."

"Hati haikusema uongo, Bibi. Hawa hawakuwa askari."

Akaisoma tena hati ya msalaba. "Baba alijua Kiswahili," alisema. "Daftari hili hakuruhusu mtu aliguse." Akaomba kalamu. "Nisomee majina." Akayaandika yote mara mbili. Karatasi moja akaikunja ndani ya hati ya ule msalaba. Ya pili akanipa mimi.

Njia nzima ya kurudi niliwaza nitamwambiaje mama. Nimefundisha historia miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba maandishi yanaweza kuwa ya kweli na bado yakawazamisha watu mara ya pili.

Nyumbani, mama aliuliza kabla sijakaa, "Yumo?"

"Hayumo, mama."

Akafuta macho kwa upande wa khanga. "Basi soma waliomo."

Kwenye jina la tisa alinishika mkono. "Huyo wa kwa akina Nanjota, bondeni! Mkewe alikufa akiamini mumewe alimkimbia, ana mke mwingine Msumbiji. Wanawe walichekwa mpaka wakazeeka."

Binti mmoja wa mpagazi huyo alikuwa hai bado. Mama hakungoja chai ichemke. Alichukua fimbo yake, tukateremka bondeni.