Nilimpiga Mpaka Akajibu kwa Jina la Marehemu

Mkosaji ni mimi. Naanza na hilo, ili usije ukafika katikati ukaanza kunitetea. Majina humu nimeyabadilisha yote na langu sitalitaja, lakini mambo ni yale yale, na mikono iliyoyatenda ndiyo hii ninayoandikia.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu. Naishi Louisville, upande wa Okolona, napanga maboksi kwenye ghala tangu tulipofika Amerika. Kanisani wananiita Baba Solange, kwa jina la binti yetu wa kwanza, kama ilivyo kawaida yetu. Solange yuko kaburini Tanzania, na hata kaburi lake nilimnyang'anya.

Ngoja nikueleze vizuri.

Tulipokuwa wakimbizi kule kambini, faili letu la kuja huku lilifunguliwa kwa watu watatu: mimi, mke wangu na Solange. Mwaka uliofuata jirani mmoja wa zamani alituletea Faida, binti wa kaka yangu mkubwa, Byamungu. Alisema kijiji kimechomwa, mama wa mtoto amekatwa mapanga, na Byamungu alionekana akianguka mtoni na risasi mgongoni.

Nililia, kisha nikampokea mtoto. Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, hakuna anayeuliza karatasi. Alinizoea upesi, akawa ananiita baba mdogo na kulala mkeka mmoja na Solange. Ulipofika mwaka wa nne Solange alikuwa na miaka minane, yeye saba, na kimo chao kilikuwa kimoja, hata majirani walikuwa wakiwachanganya.

Halafu Solange akashikwa na homa. Siku mbili tu, akafa nyumbani mikononi mwa mama yake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tuitwe kwenye mahojiano.

Kambini watu walikuwa wakisema familia ikiongezeka au ikipungua mtu, faili linarudi chini ya mengine yote. Tulikuwa tumengoja miaka minne. Nilitoka nje nikawaambia majirani, "Tumefiwa. Faida ametutoka."

Mke wangu alifungua mdomo kulia jina la mwanawe. Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja, nikamgandamiza ukutani mpaka akaniuma nyama ikachanika. Kovu ninalo hadi leo. Solange wangu alizikwa chini ya msalaba wa mbao ulioandikwa Faida, na mama yake akakatazwa kumlilia kwa jina lake. Jamani, mimi ni mtu wa namna gani!

Kwenye yale mahojiano kila mtu huingia peke yake. Wanakuuliza mlango wa nyumba unatazama wapi, nani analala upande gani, maji mlikuwa mkichota wapi. Kisha wanamuuliza mtoto hayo hayo. Mkipishana, mmekwisha.

Kwa hiyo nilianza kumfundisha Faida. Nilikata fimbo mbichi, nikafunga mlango.

"Jina yako nani?"

"Faida."

Fimbo.

"Jina yako nani?"

"Baba mudogo, nisamehe..."

Fimbo mbili. "Sema baba! Mi si baba mudogo yako! Jina yako nani?"

"Solange."

"Nyumba yenu kule Congo ilikuwa na milango ngapi?"

"Milango mbili. Kisima iko nyuma ya kanisa."

"Na Faida iko wapi?"

"Faida alikufa."

"Alikufa na nini?"

"Na homa."

Wiki tatu, asubuhi na alasiri. Ilifika siku nilimwita "Faida!" kwa ghafla akiwa anacheza nje, makusudi, nione kama atageuka. Aligeuka. Nilimpiga siku ile mpaka fimbo ikavunjikia mgongoni, nikaokota nyingine. Baada ya hapo nilipomwita tena hakugeuka, na mimi nikafurahi. Unasikia? Nilifurahi!

Mahojiano tulipita. Alijibu yote bila kusita, na yule ofisa akampa kalamu ya zawadi. Nilimbeba mabegani nikicheka, ndipo nikahisi shati langu limelowa. Alikuwa amejikojolea.

Tukaja Louisville. Shuleni Solange, kanisani Solange, hata mezani kwetu Solange. Alikua, akawa anatujibu kwa Kiingereza kama watoto wengine, na nikajidanganya kwamba amesahau.

Alipokuwa na miaka kumi na miwili, simu yangu iliita nikiwa kwenye mapumziko ya kazini. Sauti ikasema, "Mudogo wangu, ni miye Byamungu."

Nilikaa chini hapo hapo kati ya maboksi. Kaka yangu mzima! Wavuvi walimwopoa mtoni, akauguzwa, akavukia Uganda, na sasa alikuwa ameletwa Amerika, mji wa Buffalo, na kupata kazi kiwandani. Tulilia wote wawili kwa furaha. Kisha akaniuliza swali moja.

"Bon, mudogo wangu, na mutoto? Walisema Faida alifika kwenu."

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Neno moja tu! Lakini nilikuwa nangojea karatasi za uraia, nikaona maofisa, nikaona pingu, nikaona ndege ya kuturudisha. Mdomo wangu ukatamka lile jibu nililomfundisha mtoto kwa fimbo.

"Yaya, kaka yangu, pole sana. Faida alikufa kule kambini. Na homa."

Kaka yangu alipiga ukelele ambao sitausahau mpaka nife. Halafu akanishukuru. Alinishukuru kwa kumzikia mtoto!

Mke wangu nilipomwambia alihamia kulala chumba cha binti. Nikamwonya kwamba akifungua mdomo nitamvunja. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu anayetishia watu jikoni kwake.

Miaka mitatu baadaye binti alirudi kutoka shule na karatasi za somo la historia. Alikuwa amezipaka kalamu ya pinki karibu kila mstari. Akakaa karibu yangu kwenye kochi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akanisomea na kunifasiria.

Ilikuwa habari ya Wachina wa zamani waliokuja Amerika kwa meli. Sheria ilikuwa haiwataki. Walikuwa wakifungiwa kisiwani majuma na majuma, baba chumba chake, mtoto chumba chake, wakiulizwa: mlangoni kwenu kuna ngazi ngapi? Nyumba ya tatu anakaa nani? Pipa la mchele linawekwa wapi? Wengine walikuwa watoto wa karatasi tu, wamebeba jina la mtoto wa mtu mwingine, na majibu waliyakariri njia nzima baharini, kisha wakatupa daftari majini kabla ya kushuka.

"Baba," aliniambia, na safari hii alisema Kiswahili, "hawa ni sisi."

Kisha akanionyesha karatasi nyingine. Mwalimu alikuwa amewaambia kila mmoja aandike jinsi familia yake ilivyofika Amerika. Binti alikuwa ameshaandika mstari wa kwanza: *Jina langu la zamani ni Faida.*

"Naweza kuacha sasa?" akaniuliza. "Nimechoka kuwa yeye."

Niliichana ile karatasi vipande vipande, nikang'oa waya wa chaji ukutani, nikamchapa nao usoni, mikononi, mgongoni, popote ulipofika. "Jina yako nani? Jina yako nani?" Mke wangu aliingia katikati kumkinga, nikamsukuma, akaangukia meza na kidole chake kikavunjika. Sikusimama. Nilisimama tu binti aliposema, kwa sauti ile ile ya utoto, "Solange. Jina yangu Solange. Milango mbili."

Wiki nzima hakwenda shule. Tuliandika kwamba ana mafua.

Miaka miwili ikapita. Dada yetu anayeishi mji wa Columbus, aliyeondoka Congo kabla watoto hawa hawajazaliwa, akamwoza binti yake, na kwaya ya vijana ya kanisa letu ikaalikwa kuimba. Binti alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Nilikuwa nimekwepa kila shughuli ambayo Byamungu angefika, lakini safari hii alisema kiwandani wamemnyima ruhusa. Nikakubali.

Ibada ikaisha, tukaingia ukumbini. Tumeketi na sahani za ugali wa fufu na mboga ya sombe, watoto wanakimbizana na chupa za Fanta. Mlango ukafunguliwa. Kaka yangu akaingia na viatu vyake vya kiwandani bado miguuni, maana alitoka kazini akaendesha moja kwa moja asikose harusi ya mpwa wake.

Alikuja kunikumbatia. Njiani akapita meza ya kwaya, akasimama.

Faida ana kovu la uji wa moto chini ya kidevu, alilipata akiwa mdogo. Na uso wake ni wa mama yake mtupu. Nilimwona kaka yangu akimtazama kidevuni, kisha usoni.

"Faida?"

"Faida, mutoto wangu. Ni miye papa yako."

Aliweka sahani mezani taratibu. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama nilivyomfundisha. Msichana wa miaka kumi na saba, tena mwenye Kiingereza chake, akafungua mdomo na ikatoka sauti ya mtoto wa miaka saba.

"Jina yangu ni Solange. Baba yangu ni ule pale. Nyumba yetu iko na milango mbili. Kisima iko nyuma ya kanisa. Faida alikufa. Alikufa na homa."

Alikuwa amenyoosha kidole kwangu, na ukumbi mzima ukanigeukia.

"Uliniambia ulimuzika!" kaka yangu alipaza sauti. "Miaka tano nalia! Miaka tano niko nafanya misa ya mutoto mwenye iko muzima!"

Kiti cha chuma kilinifikia kabla sijainuka. Meno mawili ya mbele yalitoka pale pale. Na mimi, badala ya kupiga magoti, nilishika chupa nikampasua nayo kichwa kaka yangu mkubwa! Damu iliruka mpaka kwenye gauni la bibi harusi. Tuliviringishana chini kati ya sahani, ananinyonga, namuuma, wanawake wanapiga mayowe, mpaka polisi wakatutenganisha na kututia pingu sote wawili. Muda wote huo binti alikuwa amesimama wima pale pale, akirudia, "Milango mbili. Milango mbili."

Yaliyofuata ni ofisi kwa ofisi. Walipima mate, ikaonekana ni mtoto wa nani. Tukaitwa kuhojiwa na maofisa wa uhamiaji Louisville, kila mmoja chumba chake, maswali yale yale. Mke wangu hakungoja hata aulizwe. Aliwaambia, "Solange wangu iko mu kaburi," akalia kwa jina la mwanawe kwa mara ya kwanza, tukamsikia hadi ukumbi wa kungojea. Alipotoka hakurudi kwangu. Kesi yangu bado inaendelea.

Lakini sikiliza hili. Mwanasheria wangu, mama mmoja mpole, alipitia faili lote kisha akaniuliza, "Kwa nini hukumwandikisha kama mtoto wa kaka yako unayemlea?"

Nikamwambia hilo lilikuwa haliwezekani.

"Lilikuwa linawezekana," akasema. "Yatima anayelelewa na ndugu, wangemsikiliza. Labda mngechelewa kidogo."

Nilicheka. Nilicheka, kisha nikaanza kupiga paji la uso mezani kwake mpaka nikachanika na yule mama akaita watu. Tungechelewa kidogo! Niliogopa fomu ambayo sikuwahi hata kuiuliza!

Nimemwandikia shemasi aliyebaki kule kambini, nikamsihi afute jina la Faida kwenye ule msalaba aandike la Solange. Amenijibu kwamba mbao zimeoza na makaburi yamekuwa mengi, hajui tena ni lipi.

Mwezi uliopita nilipanda basi mpaka Buffalo kuomba msamaha. Faida anakaa huko sasa na baba yake. Nilimwona mchana mbele ya duka moja la vyakula vya kwetu kwenye Grant Street, anachagua ndizi, ana kitenge kizuri, amenenepa kidogo. Moyo wangu ulijaa.

"Faida!" nikaita.

Aliendelea kuchagua ndizi. Nikaita tena, na tena kwa sauti kubwa zaidi. Hakugeuka. Na mdomo wangu huu, mdomo wangu wa laana, ukateleza.

"Solange!"

Mfuko ulimwanguka. Akachuchumaa kwenye lami, amefunika kichwa kwa mikono yote miwili.

Kaka yangu alitoka dukani mbio, akamwinamia, akamfunika kwa koti lake. Nilikaza mwili kungoja ngumi. Nilizitaka! Hakunipiga. Alisema tu, bila kunitazama, "Hata miye nikimwita Faida hageuke. Rudi kwako, mudogo wangu."

Nilirudi. Sikula hadi Louisville.

Sasa wewe unayesoma hapa, pengine uko kambini, pengine umeshaitwa kwenye mahojiano, na una mtoto wa ndugu yako mbele yako anayesahau majibu. Nakuomba kwa magoti. Mwandikishe alivyo. Uliza, hata kama wanakutisha. Na kama uongo umeshauandika, mtafute mwanasheria leo, usimtafute mtoto na fimbo.

Weka hiyo fimbo chini, mwenzangu. Mwite kwa jina lake wakati bado anageuka.